Kugeli ya Sukari Katika Nyumba ya Pilipili

Brooklyn, Jumatatu 20 Oktoba 1958

Mama mdogo Toibe,

Pokea salamu za watu watano wa nyumba hii. Wanne ni wazima, na wa tano, Anshel, anaota jino. Ni jino moja tu la chini ila kelele zake ni za mdomo mzima. Ana miezi tisa sasa na ananing'ata begani kama mtu anayenidai maelezo. Fishl mume wangu hajambo, bado yuko kiwanda cha vifungo, kila jioni natoa vifungo kwenye viatu vyake. Baba mkwe Notke hajambo, anasoma kitabu chake kilekile ukurasa uleule. Mama mkwe Bashe hajambo kutuzidi sote, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Unajua kwamba tunakaa kwake. Vyumba viwili vyetu, viwili vyao, jiko moja. Hilo jiko lina mwenyewe. Mimi naruhusiwa kumenya, kuosha, kukoroga nikiambiwa koroga na kuacha nikiambiwa acha. Kuoka, hapana. Na kila Sabato inakuja mezani kugeli yake ya pilipili manga, yaani tambi za kuokwa, zimekaangika juu mpaka zimekuwa kama misumari, na ndani inawasha mpaka macho yanatoa machozi. Wao kwao huko Lita, Lithuania, ndivyo walivyokula. Wanaona fahari. Baba mkwe anatokwa na jasho, anajifuta, anasema, "Ahh."

Juzi nikasema taratibu, kwa heshima zote, kwamba kwetu Galicia kugeli ilikuwa na sukari. Akaniangalia kama nimesema kwetu tulikuwa tunakula sabuni.

"Sukari ni ya chai," akasema. "Nyie wa Galicia mnatia sukari kwenye samaki, mnatia kwenye tambi, nashangaa hamtii kwenye sala."

Halafu akaongeza, na Fishl ni shahidi: "Siku utakapoleta mezani pangu kugeli ya sukari, na Notke akaomba kipande cha pili, siku hiyo jiko la Ijumaa ni lako."

Mama mdogo, nilikuwa na miaka kumi na moja Mama alipofariki. Kugeli yake nakumbuka ladha tu, mikono yake siikumbuki ikifanya nini. Nakumbuka zabibu kavu zilizovimba. Nakumbuka nilikuwa nalamba kijiko. Ukiniuliza mayai mangapi, sijui. Wewe ulikuwa mdogo wake, mlilala kitanda kimoja, wewe ndiye pekee uliyebaki unayejua. Niandikie, tafadhali. Sitaki mwanangu akue akidhani Sabato ni kitu kinachowasha.

Ni mimi wako,
Raizel


Yerusalemu, Jumapili 9 Novemba 1958

Raizel mwanangu,

Barua yako ilifika ikiwa na alama ya meno pembeni, nikajua Anshel naye amesalimia. Mbusu kwenye hilo jino.

Huku mvua ya kwanza imenyesha na paa linavuja palepale pa mwaka jana, walau linajua mahali pake. Mayai bado ni ya kadi ya mgao. Jiko langu la mafuta ya taa lilikuwa linatoa moshi, akaja fundi mmoja akalitengeneza. Mambo mengine hayana neno. Miguu inauma nikipanda ngazi, nikishuka haiumi, kwa hiyo nashuka sana.

Huyo mama mkwe wako simjui, lakini wa Lita nawajua. Ni watu wanaoweka pilipili ili wapate sababu ya kulia mezani. Usimjibu. Mpikie.

Sasa sikiliza. Tambi nyembamba, za mayai, nusu kilo. Chemsha kwenye maji ya chumvi, zisiive mpaka zikate tamaa. Chuja. Mafuta ya bata bukini, yale ya manjano, yaliyoyeyushwa na kitunguu kisha kitunguu kikatolewa: vijiko vikubwa vinne, na cha tano kama hakuna anayekuangalia. Mayai manne. Sukari mpaka iseme basi. Mdalasini. Zabibu kavu ulizoloweka. Changanya, tia kwenye sufuria ya kuokea yenye mafuta ya moto tayari, oka mpaka nyumba nzima ianze kupita karibu na jiko bila sababu.

Mama yako alikuwa akiimba wakati wa kukoroga, vibaya sana, lakini sidhani kama hilo linaongeza kitu.

Mimi mwenyewe siku hizi natia na pilipili kidogo. Usiniulize.

Mama yako mdogo,
Toibe


Brooklyn, Jumatatu 1 Desemba 1958

Mama mdogo mpendwa,

Tunakusalimu sana. Anshel ana meno matatu na sasa anajivuta kwa tumbo hadi chini ya meza, anakula anachokikuta huko. Fishl alipata mafua, akapona, akampa baba yake. Baba mkwe anapiga chafya na kugeuza ukurasa, mara ya kwanza tunaona akigeuza.

Jumanne iliyopita mama mkwe alikwenda Bronx kwa dada yake. Mlango ulipofungwa tu nikafunga aproni. Nilikuwa na kila kitu tayari nimekificha kwenye kapu la nepi, mahali ambapo katika nyumba hii hakuna anayetia mkono isipokuwa mimi.

Nilifanya ulivyoandika. Nikachuja tambi, zikiwa zinatoa mvuke, nikamimina mayai manne. Mama mdogo, yakaiva palepale. Nikakoroga, yakazidi. Nilichopata ni tambi zilizochanganyika na mayai ya kukaanga, na sukari juu yake. Nikaoka hivyohivyo kwa matumaini. Ilitoka rangi ya kadibodi.

Fishl alirudi mapema akaila yote, amesimama, mkono mmoja ukutani. Kila nikimuuliza ladha ananiambia, "Inashibisha." Ni mwanamume mwema, sitasema zaidi.

Mama mkwe akaingia, hata kofia hajavua. "Nani amepiga pasi shuka mpaka ikaungua?"

"Mimi," nikasema.

"Shuka ipi?"

Akaenda kuhesabu shuka, akazikuta zote. Tangu siku hiyo ananitazama kama polisi anayemjua mwizi lakini hana ushahidi.

Ulisahau kuniambia kitu, nina hakika. Na hilo la pilipili, utasemaje "usiniulize"? Mama angesema nini? Wewe ndiye uliyemwambia Baba, siku ya harusi yake, kwamba afadhali kula kamba kuliko kugeli ya pilipili. Baba alinisimulia mwenyewe. Nani amekubadilisha?

Wako,
Raizel


Yerusalemu, Jumapili 28 Desemba 1958

Raizel mwanangu,

Nisamehe kuchelewa. Taa za Hanuka ziliwashwa na kuzimika, siku zikapita, wageni wakaja, jiko likaharibika tena, likatengenezwa tena. Mwambie Anshel asile vya chini ya meza mpaka afikishe mwaka. Baada ya hapo ni haki yake.

Sikusahau. Sikuandika kwa sababu sikudhani kuna binti wa Kiyahudi duniani anayemimina mayai kwenye tambi za moto. Ziache zipoe, mwanangu. Tia mkono katikati. Ukiweza kuuacha humo huku ukihesabu watoto wote wa jirani, mayai yanaweza kuingia. Kosa ni langu, kosa ni lako, tuligawane.

Kuhusu pilipili. Hapa Yerusalemu wana kugeli yao. Wanachoma sukari ndani ya mafuta mpaka iwe nyeusi kama kahawa, wanamimina juu ya tambi, halafu wanatia pilipili manga kama watu wenye hasira. Inawekwa kwa mwokaji Ijumaa, inachukuliwa Sabato adhuhuri, imekuwa rangi ya kiatu. Mwanzoni nilicheka. Mtu mmoja akaniambia nionje kabla ya kucheka. Nikaonja. Ndiyo hivyo tu. Mjane wa miaka arobaini na minane ana ruhusa ya kuonja kitu.

Nieleze umefikia wapi na huyo Bashe.

Toibe


Brooklyn, Jumatatu 26 Januari 1959

Mama mdogo,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mabomba yaliganda siku mbili, tukawa tunayeyusha theluji kuosha nepi. Anshel ametimiza mwaka na anasimama akishika kiti, halafu anakisukuma kiti na kushangaa kwamba kinaondoka.

Jiko lako la mafuta ya taa limeharibika mara ngapi tangu Novemba? Nauliza tu. Langu, hili lisilo langu, lina miaka ishirini na halijawahi kumwona fundi.

Sasa habari kubwa. Nimepewa Ijumaa. Ijumaa moja, tarehe 13 Februari. Ilikuwa hivi. Majira haya ya baridi, kwa kuwa mwaka huu kwa kalenda yetu ya Kiyahudi una mwezi wa ziada, mama mkwe anafunga kila Alhamisi, kama walivyofanya wacha Mungu wa kwao. Tangu alfajiri mpaka nyota zitoke hali wala hanywi. Anatutangazia Jumatano jioni, anatukumbusha Alhamisi asubuhi, na adhuhuri anakaa dirishani akipumua kwa namna ya kutufanya wote tujisikie walafi. Ijumaa anaamka hana nguvu, na bado anataka kuoka mwenyewe.

Ijumaa iliyopita akaegemea meza, akafumba macho. Baba mkwe akasema bila kuinua kichwa, "Bashe, mwache msichana aoke siku moja. Ukifa mikononi mwa kugeli watu watasema nini?"

"Ataweka sukari."

"Basi aweke sukari. Nimeishi miaka sitini na minne, sukari haitaniua."

Akanigeukia. "Tarehe kumi na tatu. Mara moja. Na maneno yangu ni yaleyale, kipande cha pili au hakuna jiko."

Nimeanza kuhesabu watoto wa jirani tayari, nijue nitaacha mkono kwa muda gani. Wako kumi na saba.

Mama mdogo, usinicheke. Nililia kidogo chumbani. Nilimwambia Anshel, "Utakula kugeli ya bibi yako." Akanipiga kofi kwa furaha.

Niombee,
Raizel


Brooklyn, Jumatano 18 Februari 1959

Mama mdogo Toibe,

Sote wazima. Anshel ana meno sita. Theluji imeyeyuka.

Kugeli ilitoka nzuri kuliko nilivyoota. Ililiwa na paka. Tafadhali usiniulize kwa sasa.

Raizel


Yerusalemu, Jumapili 1 Machi 1959

Raizel,

Salamu utazipata mwisho wa barua hii kama utazistahili.

Nimesoma barua yako mara nne. Nimeisoma kwa sauti mbele ya mtu mwingine ili nihakikishe kwamba macho yangu si mabovu. Naye akasema, "Paka?" Paka gani? Nyumba yenu haina paka. Nimekaa hapa tangu mwezi wa kumi na moja nikikupa siri za dada yangu, nimeshindwa kulala nikiwaza mafuta ya bata bukini, halafu unaniandikia mistari minne kama telegramu ya serikali.

Huyo mwanamke alikupiga? Alimwaga? Fishl alikuwa wapi?

Niandikie yote, kuanzia asubuhi. Ukiruka kitu nitajua, kama nilivyojua ulipovunja bakuli la bluu ukiwa na miaka sita na kusema upepo.

Salamu.

Toibe


Brooklyn, Jumatano 11 Machi 1959

Mama mdogo mpendwa,

Salamu zako nimezipata, nashukuru. Anshel ametembea hatua tatu kutoka kwangu kwenda kwa mama mkwe. Fishl anasema alikuwa anaangukia upande huo tu. Tunaandaa Purim, baba mkwe ana mafua tena.

Nitakwambia yote. Sikuandika mwanzo kwa sababu kuna sehemu yangu ndani yake ambayo si nzuri.

Ilianza Alhamisi, tarehe 12, siku ya mfungo. Saa tisa mchana nilikuwa napanda ngazi na kapu la nguo kutoka kwa jirani wa chini. Nikafika kwenye mlango wetu, nikasikia harufu. Siagi. Siagi iliyopata rangi, na jibini ya moto ndani yake. Chapati za maji zenye jibini, Mama mdogo, na mtu anazikaanga vizuri. Nikasimama. Nilijua baba mkwe yuko sinagogi, Fishl yuko kazini, Anshel nimembeba mwenyewe mgongoni. Nikakohoa kwa nguvu, nikaburuta miguu. Ndani nikasikia maji, sufuria, kabati. Nilipoingia mama mkwe alikuwa dirishani, anapumua.

"Umechelewa," akasema. "Kichwa kinaniuma kwa njaa."

Nikasema, "Pole, Mama." Basi.

Ijumaa nikaamka kabla ya Fishl. Nilichemsha tambi, nikazipoza, nikaacha mkono katikati na kuhesabu mpaka mtoto wa kumi na saba. Mayai yakaingia kama hariri. Sukari ikasema basi, nikaongeza kidogo. Nikaimba pia, vibaya, ikiwa hilo linaongeza kitu. Nikafungua kabati la sufuria za nyama, nikachukua iliyo mbele, ya duara, yenye kina, ina doa la rangi nyekundu kwenye mpini.

Hapo ndipo kosa lilipo. Kwetu, kwa Mama, nyekundu ilikuwa ya nyama na bluu ya maziwa. Nyumba hii ni kinyume, nyekundu ni ya maziwa, kwa sababu siku mama mkwe alipofika Amerika na kununua vyombo, duka lilikuwa na rangi nyekundu peke yake, akaanza na vya maziwa. Hilo nalijua, miaka miwili naosha hivyo vyombo. Lakini Anshel alikuwa analia kiunoni, sufuria ilikuwa kwenye kabati la nyama, na mkono wangu ulisoma kwa Mama kabla haujaja kusoma huku. Nikatia mafuta ya bata bukini, ambayo huhesabiwa nyama. Nikatia jikoni saa tano na robo asubuhi.

Harufu ikaanza. Baba mkwe akapita jikoni kunywa maji. Akapita tena kurudisha glasi. Akapita mara ya tatu, akasimama tu. Fishl siku hiyo anatoka kazini mapema, naye akaja. Saa sita unusu nikaitoa. Juu ilikuwa rangi ya asali, pembeni ya kahawia, zabibu zimevimba. Nikaiweka mezani.

Mama mkwe akaingia akiwa na la kusema mdomoni. Akaiona sufuria. Hakulisema.

Ni baba mkwe aliyeona wa pili. "Hiyo si ya maziwa?"

Nyama na maziwa chombo kimoja, jambo ambalo Torati imetukataza, na Ijumaa inakwisha. Nikasema nimeikuta kwenye kabati la nyama. Baba mkwe akasema haiwezekani, vyombo havitembei. Fishl akakimbia kwa rabi, ni mtaa wa pili tu. Akarudi anahema.

"Anauliza mara ya mwisho maziwa kupashwa moto humo ni lini. Kama imepita siku nzima, saa ishirini na nne, kugeli inaliwa, ila sufuria isitumike mpaka itakaswe. Kama haijapita, hailiwi."

Baba mkwe akafikiri, uso ukamng'aa. "Jumatano asubuhi. Uliniokea viazi vya siagi humo, nilikula mwenyewe. Leo Ijumaa. Imepita na kuzidi. Nenda kamwambie Jumatano, nami nitafute sahani."

Sasa nikwambie sehemu yangu. Nilikuwa najua. Nilijua sufuria ile ilikuwa motoni Alhamisi saa tisa, nilijua nani aliificha haraka kwenye kabati lisilo lake kwa sababu nilikohoa mlangoni. Saa tisa mchana mpaka saa tano na robo ya kesho yake, hata mimi niliyeacha shule mapema naweza kupiga hesabu hiyo. Nikanyamaza. Nikamtazama mama mkwe naye akanitazama, na kugeli katikati yetu inatoa mvuke. Akajua kwamba najua. Akinyamaza, mfungo wake unabaki mzima mbele ya mume na mwana. Nikinyamaza, napata jiko. Hakuna aliyetakiwa kusema uongo, Mama mdogo, ilitakiwa tu kukaa kimya sekunde chache mpaka Fishl afike ngazini. Nilikuwa tayari. Namwomba Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kuilisha nyumba nzima kitu kilichokatazwa ili Anshel aonje sukari.

Fishl alikuwa ameshashika kitasa.

"Fishl," mama mkwe akasema. "Subiri." Akavuta kiti, akakaa. "Mwambie rabi jana. Saa tisa mchana."

"Jana ulikuwa unafunga," baba mkwe akasema.

"Nilikuwa nafunga mpaka saa tisa kasorobo."

Akanyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja.

"Nilikaanga chapati mbili za jibini," akasema. Halafu akanitazama. "Haya, tatu."

Fishl masikio yakawa mekundu kama yeye ndiye aliyekula. Mimi nikasema, "Mama, na mimi niliisikia harufu. Nilinyamaza."

"Najua ulinyamaza," akasema. "Ulikohoa kama farasi."

Rabi akasema hailiwi. Sufuria ikachomwe motoni mpaka yenyewe iwe nyekundu, si doa tu. Ila kwa kuwa mafuta ni ya bata bukini wala si ya ng'ombe, mnyama anaruhusiwa kula. Kwenye ngazi za chuma za nje huwa kuna paka mmoja wa kijivu, mbaya, sikio moja. Nikamwekea. Alikula huku anaunguruma. Tulisimama dirishani wote wanne tukimtazama, na Sabato ile hatukuwa na kugeli yoyote, ya sukari wala ya pilipili. Baba mkwe alikula maharage yake kimya akasema neno moja tu, "Paka."

Tangu siku ile mama mkwe hajalitaja jiko. Nami siliulizi. Kipande cha pili hakuna aliyeomba, kwa kuwa hata cha kwanza hakikuliwa.

Ndiyo yote.

Raizel


Yerusalemu, Jumapili 22 Machi 1959

Raizel mwanangu,

Salamu zote nilizozizuia zichukue sasa, pamoja na riba. Anshel anatembea, asante Mungu, na kama aliangukia upande wa bibi yake, basi alijua upande wa kuangukia.

Nimeisoma barua yako nikacheka, halafu nikakaa kitandani kwa muda. Huyo Bashe ameniaibisha. Mwanamke amekiri chapati tatu mbele ya mume wake na mwanawe, na mimi huku nimeshindwa kukiri mwanamume mmoja kwa mtoto wa dada yangu.

Anaitwa Zundel. Anatengeneza majiko. Langu halikuwa na ubaya wowote tangu Novemba. Mara ya kwanza ulikuwa moshi kweli, baadaye nilikuwa nalegeza skrubu mwenyewe. Juzi nimegundua kwamba naye alikuwa anailegeza kabla ya kuondoka, kwa hiyo tulikuwa tunaliharibu sote wawili, maskini jiko. Ni mtu wa Lita. Ndiyo. Baba yake, babu yake, wote pilipili. Niliogopa utasema nimemsaliti mama yako kwa tambi.

Tunafunga ndoa Alhamisi tarehe 9 Aprili, siku ambayo kwa desturi wajane huolewa. Watu kumi, keki moja, na kugeli mbili, kwa sababu hatukukubaliana.

Kuhusu jiko lako, nina neno moja. Usingoje aliongelee. Mwanamke aliyekiri hivyo hawezi tena na kukupa zawadi kwa mdomo, itakuwa ni kuvuliwa nguo mara mbili. Jaribu ile ya huku, ya sukari iliyochomwa na pilipili. Huenda mkakutana katikati.

Mama yako mdogo, ambaye karibu atakuwa mke wa mtu,
Toibe


Brooklyn, Jumatatu 6 Aprili 1959

Mama mdogo, bibi harusi,

Sijui nianze kukusalimu au kukupigia vigelegele. Fishl anakupa hongera, baba mkwe anauliza kama bwana Zundel anatengeneza na mabomba. Mama angecheka mpaka ashike ukuta, halafu angekushonea kitu. Hujamsaliti mtu. Ningekuwa karibu ningekushika mkono mpaka chini ya hema ya harusi, na ningelegeza skrubu zote za Yerusalemu.

Sasa sikiliza. Ijumaa iliyopita nilimkuta mama mkwe amekaa jikoni na Anshel mapajani. Sufuria ya kuokea ilikuwa mezani, mpya, imepakwa rangi ya bluu kwenye mpini, bado mbichi.

"Mgongo unaniuma," akasema. "Sioki."

Mgongo wake haujawahi kuuma maishani. Nikafunga aproni. Nikafanya ile yenu ya huko. Sukari ikawaka, ikawa mawe, nikaanza upya. Pilipili nikatia kama mtu mwenye hasira, ingawa sikuwa nayo.

Sabato adhuhuri tukaikata. Mimi nikaonja, nikaona pilipili imeiharibu sukari. Mama mkwe akaonja, akaona sukari imeiharibu pilipili. Tukatazamana.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ya Yerusalemu, Mama."

"Ndiyo maana kila mtu anaililia."

Nikacheka, naye akacheka. Ni kitu cha kwanza tulichokubaliana tangu harusi yangu, kwamba kugeli yenu ni mbaya. Msamehe Zundel, nisamehe na mimi. Kisha akafuta mdomo na kusema kama mtu anayesoma ratiba ya treni: Ijumaa moja yeye na pilipili yake, Ijumaa inayofuata mimi na sukari yangu, na mwenye zamu asisemeshwe akiwa jikoni. Baba mkwe akauliza vipi kuhusu kile kipande cha pili. Akaambiwa anyamaze ale.

Ijumaa hii ni zamu yangu, ya mwisho kabla hatujatoa chachu yote nyumbani kwa Pasaka. Nafanya ile ya Mama, sukari tupu. Nitaimba.

Ngoja, mama mkwe anataka kalamu. Sijui anataka kuandika nini.

Wako daima,
Raizel


Bibi Toibe,

Hongera kwa ndoa. Mtu wa Lita ni chaguo jema, ingawa umechelewa.

Barua zako zote nimezisoma. Zinakaa kwenye kapu la nepi, na nepi za mjukuu wangu nazikunja mimi vilevile, ila mama yake hajawahi kugundua. Kuhusu watu wanaoweka pilipili ili walie mezani, tutaongea tukionana.

Hukumwandikia ni muda gani wa kuoka. Umeandika mpaka nyumba ianze kupita karibu na jiko. Hicho si kipimo. Ni saa moja na robo, nilitazama saa ile Ijumaa ya paka, nikiwa mlangoni. Iandike mahali, siku moja Anshel ataoa na kutakuwa na msichana wa kuuliza.

Sabato hii nitaila kwa mara ya kwanza. Sidhani nitaipenda. Raizel amesimama nyuma ya kiti changu anasoma kila neno ninaloandika, ameninyang'anya mtoto ili aone vizuri zaidi, na anacheka.

Bashe